Meza ya Karata na Ijumaa za Mzee Swaleh

Vijana wangu wa mezani,

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi zito na keki yenye kopa kubwa nyekundu, ule moyo wa kwenye karata, juu yake. Mama mmoja wa kanisani kwetu niliyekuwa nimemwalika alidhani ni keki ya arusi, akaanza kuniuliza bwana ni nani na mbona nimeficha habari hiyo umri wote huu. Nilimwacha na wasiwasi wake. Halafu Kinyua, mmoja wenu, akanivuta pembeni akaniambia, "Madam, tuandikie mambo ya Mzee Swaleh. Sisi hatukumpata, na kila siku unatuambia tu ati Mzee Swaleh alisema hivi, Mzee Swaleh alisema vile." Basi nimekaa jikoni kwangu hapa Nyeri, chai iko karibu, naandika. Nitaandika juu ya kazi, lakini mnivumilie. Kila nikianza na karata najikuta kwa Mzee Swaleh na binti yake Rehema, na mlango mmoja wa Sagana ambao mzee huyo alitaka ufunguliwe kuliko alivyotaka kitu kingine chochote duniani.

Mimi niliingia kazi hii kwa kosa. Nilikuwa nimechambua kahawa kiwandani miaka kadhaa, kisha nikawa karani katika duka la misumari na mabati hapa mjini. Nikasikia hoteli inafungua chumba cha karata ghorofani na inatafuta wagawaji. Meneja aliniuliza kama najua poka. Nikamjibu najua sana, tangu shule ya msingi. Na sikudanganya, nilijua ile poka yetu ya kijijini, ya kutupa karata zinazofanana mpaka unabaki na moja na kuwatangazia wenzako. Wakanikalisha mezani kwa majaribio, wakanipa karata. Nilizitupa kwa bidii yangu yote, nikabaki na moja, nikasimama nikapiga kelele, "Niko kadi!"

Meneja alikuwa ameshaanza kunionyesha ngazi, lakini mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya kufuma akasema, "Hebu lete mikono hapa, mama." Akaigeuza, akatazama vidole. "Umechambua kahawa wewe?" Nikasema ndiyo. Akamwambia meneja, "Huyu abaki. Mchezo nitamfunza mimi." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Mama yangu, Mungu amweke pema, aliwaambia watu wa kanisani kwamba nafanya hotelini, upande wa akaunti, na aliendelea kusema hivyo mpaka alipofariki.

Mzee Swaleh alizaliwa Majengo hapa hapa Nyeri, na alikuwa amegawa karata Nairobi na Mombasa kabla ya kurudi nyumbani. Hakuwahi kucheza. Mtu akimuuliza vipi Mwislamu anakaa kwenye meza ya kamari, alisema, "Mimi nagawa tu. Dhambi yangu ni ya mshahara." Alisema hivyo kwa mzaha, lakini baadaye nilijua kwamba jambo hilo lilimuuma.

Alinianzishia kwa kuosha karata. Ninyi siku hizi mna mashine ya kuchanganya, mnaiona kazi ya kuosha kama mchezo wa watoto. Sisi tulizimwaga zote mezani, uso chini, tukazizungusha kwa viganja viwili kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Alitaka nizioshe mpaka nisahau ninachofanya. Julai ya Nyeri mnaijua: ukungu unaingia mpaka ndani, vidole vinakufa ganzi, karata zinapata unyevu na kushikana. Alinifunza kuweka chupa ya chai chini ya meza na kuishika kwa zamu, mkono huu kisha ule, bila mchezaji kuona. Kitambaa cha kijani cha mezani tulikipiga brashi ya nguo kila asubuhi, kwa kufuata upande mmoja. Natamani kuishika brashi hiyo hata sasa. Juzi nilijikuta napiga brashi kitambaa cha sofa, upande mmoja, na jirani yangu akaniuliza kama kuna mgeni anakuja.

Lakini kilichonifunga kwake ni masomo ya baada ya mchezo. Wachezaji wakishaondoka, alichukua mkono mmoja uliokuwa umechezwa mchana huo, akaupanga upya mezani jinsi ulivyokuwa: karata za huyu, karata za yule, na zile za katikati zilizokuwa wazi. Ile ya mwisho, inayoamua nani anachukua, aliifunika kwa kisahani cha chai. Kisha akaniuliza, "Wewe ungefuata kwa pesa yako au ungetupa karata?" Mimi nilikuwa nimeiona karata hiyo ikitoka. Nilijua nani alishinda. Nikianza kusema, "Lakini Mzee, yule alipata kopa yake..." alinikatiza. "Hiyo iko chini ya kisahani. Alipoamua hakuwa nayo, na wewe usiwe nayo."

Na maswali yake yalikuwa mawili, sio moja. La kwanza: mkono huu unashinda mara ngapi? Hilo kila mtu hujiuliza, hata mlevi. La pili: ukishinda mkono huu unakuletea nini, na ukishindwa unakuchukulia nini? Hili la pili ndilo watu huliruka. Nitawaeleza kama alivyonieleza, maana Kinyua ananiambia bado mnachanganya.

Chukua rundo la pesa la katikati lina elfu tisa. Ili uendelee unatakiwa kuongeza elfu moja. Karata unayoisubiri itakuja mara moja tu kati ya tano. Mtu mwoga anasema, nitashindwa mara nne kati ya tano, natupa. Sasa ucheze mkono huo huo mara tano. Mara nne umetoa elfu moja moja, zimekwenda elfu nne. Mara ya tano umezoa elfu tisa. Umeshindwa karibu kila mara na umerudi nyumbani na elfu tano zaidi. Geuza sasa. Kuna mkono unaoshinda mara tisa kati ya kumi, na kila ukishinda unakupa mia moja, lakini ile mara ya kumi unakuchukulia elfu mbili. Huyo anayeshinda mara tisa anachekelea njia nzima, anaagizia watu soda, na mwisho wake anaomba nauli.

Mtu wa namna hiyo tulikuwa naye, na alikuwa mteja wangu mpendwa. Muriuki alinunua nyanya Kagio na kuzipeleka Nairobi. Alicheza Jumamosi mchana, na alipenda kushinda kuliko alivyopenda pesa. Mikono midogo aliichukua yote, na kila akichukua alinikonyeza. Jirani yake mezani alikuwa mama mmoja mwenye kinu cha mchele Mwea, ambaye alitupa karata, akatupa, akafuata kidogo akashindwa, mpaka ukamhurumia. Jioni mama huyo alitoka na mkoba mzito na Muriuki alibaki akinitazama mimi.

"Wewe Wangeci, leo umenimaliza kabisa. Mimi ndio nimeshinda mikono mingi hapa, ama ni uongo?"

"Ni kweli," nikamwambia.

"Sasa pesa yangu imeenda wapi?"

Mgawaji haruhusiwi kumshauri mchezaji, na hilo mlikumbuke. Lakini chai ya saa kumi si meza. Mzee Swaleh alikuwa akipuliza kikombe chake, akamuuliza, "Muriuki, hizo nyanya zako, ni mara ngapi zinakupa faida?"

"Ah, Mzee, nyanya ni shida. Labda msimu mmoja kwa mitatu. Zingine zinaoza, zingine unapata soko imejaa. Lakini ukishika huo mmoja, unasahau hiyo mingine yote."

"Na hiyo mingine unahakikisha haikumalizi."

"Eeh, hapo nanunua kidogo kidogo. Mimi si mjinga."

"Basi mbona huku juu unataka kushinda kila mkono?"

Muriuki alicheka mpaka chai ikamwagika. Kule Kagio, matopeni, alijua hesabu hii kuliko sisi sote. Ni ngazi zetu ndizo zilizomsahaulisha. Hakubadilika sana, lakini tangu siku hiyo alipokuwa anapoteza alisema kwa sauti, "Hii ni ya kuoza," na meza ikacheka.

Sasa niwaambie juu ya Rehema.

Mke wa Mzee Swaleh alifariki mchana mmoja, yeye akiwa kazini Nairobi. Ujumbe ulimfikia. Mtu alisimama mlangoni akamwashiria, naye kwa mkono akamwambia subiri, kwa sababu kulikuwa na mkono mkubwa unachezwa. Alipofika Majengo, maiti ilikuwa imeshaoshwa. Rehema, mtoto wake wa pekee, alikuwa msichana mkubwa aliyemuuguza mama yake peke yake. Alimwambia baba yake mbele ya waombolezaji kwamba hatasema naye tena. Akaolewa Sagana na mwanamume mwenye duka la vipuri vya magari, na neno lake akalishika.

Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya kutoka msikitini, Mzee Swaleh alikwenda Sagana. Hakubeba kitu, alijua hakitapokewa. Nyumba ya Rehema ilikuwa nyuma ya maduka, upande wa kwenda mtoni. Alisimama mlangoni akabisha hodi, "Hodi, Rehema. Ni baba." Akangoja. Akabisha ya pili, akangoja. Ya tatu, akangoja kidogo zaidi. Hivyo ndivyo walivyolelewa watu wa Majengo na ndivyo alivyomlea binti yake: unabisha mara tatu, na usipoitikiwa unaondoka bila kinyongo. Huchungulii dirishani, hugusi mlango. Nyumba ya mtu ni ya mtu, hata kama mtu huyo ulimbeba mgongoni. Basi aliondoka, akanunua maembe au samaki pale njia panda, na jioni alikuwa amerudi Nyeri.

Na msidhani hakujaribu njia nyingine. Mwaka mmoja aliacha kazi kabisa, akaenda kumwambia kupitia mlango ule ule kwamba ameacha. Mlango haukujibu. Miezi michache baadaye alirudi mezani kwetu akisema kuta za nyumbani kwake hazijui kuzungumza.

Watu walimtania, wengine kwa ubaya. Muriuki ndiye aliyemwambia usoni, na nadhani alimwambia kwa kumpenda. "Mzee, wewe ndio unatufunza hesabu hapa. Sasa kila mwezi unaenda Sagana kufungiwa mlango. Hiyo mkono si utupe tu?"

Mzee Swaleh hakukasirika. "Nauli ya kwenda na kurudi ni kitu gani, Muriuki? Na aibu ya kusimama nje, kwa mtu wa umri wangu, ni kitu gani? Weka hizo upande mmoja. Upande wa pili mweke Rehema. Hata akinifungulia mara moja kwa mia, mimi nafuata."

Mimi nilikuwa napiga brashi kitambaa na niliendelea kukipiga mahali pale pale kwa muda mrefu. Nilikuwa nimefundishwa hesabu hiyo kwa karata na kwa nyanya, lakini hapo ndipo iliponiingia.

Alizeeka. Mikono ikaanza kutetemeka, akaacha kugawa, akabaki kufundisha. Mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti chake, na kila nilipokaa nilihisi nimekalia kitu cha mtu. Ijumaa zake hakuziacha. Nilimwambia, "Mzee, wacha nikupeleke, mguu huo si mzuri." Akasema, "Wangeci mwanangu, nikienda na shahidi ataona nimekuja kumshitaki." Nikamwacha aende peke yake, na daima alirudi na kunipa samaki mmoja aliyefungwa kwa gazeti.

Mwezi mmoja hakufika Ijumaa yake. Alifariki Alhamisi alfajiri, usingizini, na kama ilivyo desturi yao, walimzika siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri. Namba ya Rehema ilipatikana mchana tu, akapigiwa simu. Alitoka Sagana mbio, lakini alipofika Majengo wanaume walikuwa wameshalibeba jeneza. Nilimwona akishuka kwenye gari, mara yangu ya kwanza kumwona. Alikuwa na paji la uso la baba yake. Alikaa na wanawake wengine, hakulia.

Wiki kadhaa baadaye, Jumamosi asubuhi kabla hatujafungua, nilikuwa naosha karata nikasikia hodi ngazini. Nikaitikia karibu bila kuinua macho. Akaingia Rehema. Alitazama chumba chote, meza, taa, viti, kama mtu anayetazama uso wa aliyemdhulumu na kuukuta ni wa kawaida tu.

"Wewe ndiye dada Wangeci?"

"Ni mimi. Kaa, mama."

Alikaa kwenye kiti cha mchezaji. Nikammiminia chai. Akaishika bila kunywa.

"Alipokuwa akirudi kutoka kwangu, alisema nini juu yangu? Alinikasirikia?"

"Hata siku moja."

"Nilikuwa nyuma ya mlango," akasema. "Kila Ijumaa yake. Nilikuwa naacha kupika, naenda nasimama hapo kabla hajafika. Kila mara najiambia, leo bado moyo hauko sawa, mwezi ujao nitaitikia. Nilijua atakuja. Hakuwahi kukosa, dada. Hata mvua ikinyesha alikuja."

Ninyi mnaosoma mmeshaona ni mkono gani huo: ule wa kushinda mara tisa kati ya kumi. Mimi niliuona pale pale. Kila mwezi Rehema alishinda kitu kidogo, mwezi mmoja zaidi wa hasira yake, na alikuwa na uhakika karibu kamili kwamba mwezi ujao utakuja na baba ndani yake. Alishinda mwaka baada ya mwaka. Kisha ukaja mwezi mmoja, ukachukua vyote. Na baba yake, ambaye hakushinda hata mara moja, alicheza sawasawa mpaka mwisho, na mkifunika mwisho wake kwa kisahani kile leo nitasema hivyo hivyo. Lakini hayo sikumwambia Rehema. Ningemwambia nini mtu aliyefiwa, nimfundishe hesabu? Nilimpa kile nilichokuwa nacho.

"Alijua uko pale," nikamwambia. "Mwaka mmoja alirudi hapa anang'aa, akatununulia sote mandazi. Alisema, Wangeci, leo nimemsikia akikohoa. Yuko hapo hapo, tumetenganishwa na ubao tu. Tangu siku hiyo alikuwa akienda kama mtu anayekwenda kuonana na mtu."

Rehema aliweka kikombe chini. "Alijua?"

"Miaka mingi."

"Basi mbona hakusukuma?" Sauti yake ilipanda, na machozi aliyoyanyima msiba yakaja yote kwa pamoja. "Mlango ule sikuwahi kuukomea Ijumaa zake, dada. Kila Ijumaa hiyo nilikuwa naondoa komeo asubuhi na mapema. Neno la kumkaribisha lilikuwa halitoki mdomoni, nilikuwa nimeapa mbele ya watu. Lakini komeo niliondoa. Nilikuwa nangoja asukume tu aingie."

Jibu sote wawili tulilijua: hakusukuma kwa sababu alikuwa mtu wa adabu, na yeye binti hakuwaza kumfungulia mwenyewe kwa sababu adabu hiyo hiyo aliipata kwake: mlango hufunguliwa kwa neno karibu, na neno hilo alikuwa ameapa kutolitoa. Nilizunguka meza nikamshika. Tulilia mpaka vijana wa jikoni wakaja kuchungulia, nikawafukuza kwa mkono.

Mnaniuliza kama naikosa kazi. Naikosa. Naikosa baridi ya Julai na chupa ya chai chini ya meza, namkosa Muriuki na kelele zake. Sasa Ijumaa zote za mwezi ni zangu na sina pa kuzipeleka. Kama ningepewa moja tu ya zile za zamani, ningemfuata Mzee Swaleh mpaka Sagana, apende asipende. Ningesimama kando yake abishe ya kwanza, abishe ya pili, abishe ya tatu, nimwache angoje mpaka ageuke kuondoka. Halafu mimi, mchambua kahawa nisiye na adabu za Majengo, ningeusukuma ule mlango kwa bega.